Ekzosi ya pikipiki ya theluji yabambuka rangi

SWALI: Ninaishi Minnesota, Marekani, na nimenunua pikipiki ya theluji iliyotumika, yenye injini ya mipigo miwili. Ekzosi ilikuwa na kutu, nikaipulizia rangi ya kustahimili joto. Baada ya safari mbili tu ikabambuka. Je, rangi ni mbovu?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa kawaida kosa huwa katika maandalizi, si katika rangi. Injini ya mipigo miwili huunguza oili pamoja na petroli, na oili hiyo huvuja kidogo kidogo kwenye maungio, pale springi zinaposhikilia bomba la ekzosi, ikaacha utando mweusi ambao hakuna rangi inayoushika. Fungua bomba, lisugue kwa brashi ya waya kisha kwa msasa namba 80 hadi chuma king'ae, ulifute kwa asetoni (kiyeyusho cha kuondoa mafuta), na tangu hapo usiliguse kwa mikono mitupu, kwani hata alama ya kidole ni mafuta. Ukiona tundu, peleka kwa mchomeleaji kwanza.

Chagua rangi inayohimili takriban nyuzi 650 za Selisiasi, upulize tabaka jembamba mara mbili au tatu. Tabaka nene hutoa malengelenge. Rangi hii haikomai kwa kukauka tu bali kwa joto linalopandishwa hatua kwa hatua, kama kopo linavyoelekeza. Fanya kazi hiyo nje, kwa kuwa moshi wake una madhara, na oveni ya kupikia usiitumie kabisa.