Mfadhili Akiondoka, Daftari Libaki

Juzi binti mmoja amenitumia ujumbe: "Shikamoo dada. Timu yetu ya kikapu tumeachwa na mfadhili. Tuvunje?" Marahaba, mdogo wangu. Umenitonesha kidonda.

Sisi tulichukua ubingwa wa mkoa. Mfadhili akaja kudai jezi zake uwanjani palepale, jasho halijakauka, tukavulia nyuma ya kanga. Leo mwanangu ananiuliza, "Mama, kweli ulicheza?" Sina hata picha moja ya kumwonyesha.

Basi nikupe habari za kina Tribune Girls, timu ya kikapu ya Philadelphia, Marekani. Miaka ya 1930 ile, ubaguzi umeshamiri, hawa wanawake Weusi walikuwa tishio. Meneja wao alikuwa Otto Briggs, mchezaji besiboli wa zamani. Senta wao, yaani mchezaji wa kati, alikuwa Ora Washington, ambaye kwenye tenisi alibeba mataji 8 ya mchezaji mmoja mmoja ya chama cha Weusi kati ya 1929 na 1937. Mwaka 1934 walisafiri hadi Greensboro, North Carolina, wakapambana na wasichana wa Bennett College mechi tatu, wakaondoka na ushindi.

Ora huyohuyo alikuwa akifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Alifariki 1971. Jumba la Naismith la magwiji wa kikapu likamwingiza 2018, miaka 47 baadaye! Walimpataje? Mfadhili wa timu alikuwa gazeti, Philadelphia Tribune, gazeti la Weusi lililoanza 1884. Jezi zilichakaa, lakini habari za mechi zilikuwa zimeshachapwa. Kwangu mimi huo ndio ufadhili.

Kwa hiyo msivunje timu. Nunueni daftari. Andikeni tarehe, matokeo, nani kafunga ngapi. Pigeni picha, andikeni na majina nyuma. Mkishindwa, andikeni pia. Wasichana wa siku hizi mnajirekodi mkicheza muziki kutwa, mechi hamrekodi! Andikeni, nasema.

Mimi nimeshaanza. Jana nimempigia mwenzangu tuliyecheza naye fainali. Nakumbuka tulishinda 41 kwa 38. Yeye anaapa ilikuwa 39. Tumebishana mpaka salio likakata.