Kabla hujamwingiza ng'ombe mgeni bandani

Huku kwetu Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini, dalali akikuletea ng'ombe wa maziwa atakuonyesha kiwele, atamfunua mdomo uone meno, na lita atakuapia. Kifua kikuu hatakitaja, na wewe kwa macho hukioni. Ng'ombe mwenye bakteria wa Mycobacterium bovis anaweza kuwa na mwili mzuri na kukamuliwa miaka, huku akiwaambukiza wenzake kwa pumzi. Kukohoa na kukonda huja baadaye sana.

Mimi sinunui bila kipimo cha ngozi. Daktari wa mifugo ananyoa sehemu mbili shingoni, anapima unene wa ngozi, kisha anachoma tuberkulini (dawa ya kupimia kifua kikuu) mbili, ya bakteria wa ng'ombe na ya wale wa ndege. Mbili, kwa kuwa ng'ombe anayeshinda na kuku anaweza kuvimba kwa sababu ya vijidudu vya kuku tu. (Nyumbani kuku hawalali horini, hata mama watoto anune.) Majibu yanasomwa baada ya saa 72. Uvimbe wa upande wa ng'ombe ukiuzidi ule wa ndege kwa zaidi ya milimita 4, achana naye. Na kwa kuwa majibu ni siku ya tatu, usipime Alhamisi, Jumapili daktari utamsaka wapi? Aliyezaa juzi naye msubiri kama wiki sita, maana kipimo kinaweza kumpitisha kumbe anao. Muuzaji asiyetaka kungoja siku tatu, mwache aende na mali yake.

Aliyekutwa nao hachomwi dawa. Anakwenda machinjioni, mkaguzi wa nyama akiwepo.

Halafu maziwa. Wengi wanachemsha ya chai tu, ya mtindi wanayagandisha mabichi wakiamini uchachu unaua vijidudu. Usiutegemee. Nyuzi 63 kwa nusu saa zinatosha, na sufuria ikitokota imeshapita hapo. Nachemsha yote, nangoja yawe vuguvugu, ndipo natia kijiko cha mtindi wa jana. Yanaganda vizuri tu.

Na mtoto akivimba tezi za shingo zisizopungua, mwambie daktari hospitalini kwamba mnafuga na mnakunywa maziwa ya nyumbani. Bakteria huyu kwa asili hasikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa za kawaida za TB, kwa hiyo daktari anahitaji kulijua hilo kabla hajapanga dozi.