Sheria ilihama zamani, futikamba bado

Chukua futikamba yoyote kutoka duka la vifaa vya ujenzi hapa Mombasa, iwe ya Kongowea au ya Mwembe Tayari, uivute kiasi cha mkono. Ukingo mmoja una sentimita, wa pili una inchi. Kisheria, Kenya ilikwisha kuacha ratili, galoni na maili baada ya uhuru. Sukari ni kilo, petroli ni lita, na barabara ya kwenda Malindi huhesabiwa kwa kilomita. Lakini ingia kwenye ujenzi uone: kiwanja ni "50 kwa 100", mbao ni "4 kwa 2" na huuzwa kwa futi, jiwe la ukuta ni inchi 9, bomba ni "nusu inchi".

Kwa hiyo mtu akiuliza kama nchi ihamie vipimo vya metriki, jibu langu ni ndiyo, ihamie yote. Hasara haiko kwa aliyebaki kwenye futi wala kwa aliyefika kwenye mita, iko kwa aliyesimama katikati. Kanada ililiona hilo Julai 1983, ikiwa bado inahama. Ndege mpya aina ya Boeing 767 ilihitaji kilo 22,300 za mafuta, na hesabu ya kugeuza lita kuwa uzito ikafanywa kwa 1.77, ambayo ni ratili kwa lita, badala ya 0.8, ambayo ni kilo kwa lita. Zikaongezwa lita 4,917 pale palipotakiwa zaidi ya 20,000. Mafuta yalikwisha angani, na rubani akaiteremsha ndege bila injini kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa Gimli. Hakuna aliyekufa. Kosa halikuwa la kilo wala la ratili, lilikuwa la kuwa na zote mbili juu ya karatasi moja.

Kwetu makosa ya namna hiyo hayaangushi ndege, lakini hula pesa za mjenzi kila wiki.

Anza na silingi, maana hapo kosa linaonekana kwa macho. Bodi ya gipsamu ina milimita 1200 kwa 2400. Seremala anapigilia mbao za 2 kwa 2 kila baada ya futi 2, akiamini ni sawa na sentimita 60. Futi 2 ni milimita 610. Ukihesabu baada ya ubao wa kuanzia, ubao wa pili unakaa kwenye 1219 badala ya 1200, na kwa kuwa una upana wa milimita 50, ukingo wa bodi unaukamata kwa milimita 6 tu. Ubao wa nne unakaa kwenye 2438. Ukingo wake wa karibu uko 2413, ilhali bodi imeishia 2400. Milimita 13 za hewa. Skrubu zinazama kwenye gipsamu bila kushika kitu, fundi anajaza pengo kwa plasta, na baada ya miezi michache kunatokea ufa ulionyooka kama uzi katikati ya sebule. Watu husema ni joto la pwani, kumbe ni futi. Ukinunua bodi ya gipsamu, piga mbao kwa 600 kutoka katikati hadi katikati, ukipima zote kutoka sehemu moja ya kuanzia, si kutoka ubao hadi ubao. Mbao nyembamba za plaiwudi ni kinyume chake: shiti ya 8 kwa 4 ni 2440 kwa 1220, na hiyo hukaa vizuri kwenye futi. Ndiyo maana chumba chenye gipsamu na plaiwudi pamoja kinahitaji kupangwa kabla ya msumari wa kwanza.

Ukuta nao una lake. Mchoraji ramani huchora ukuta wa milimita 200, mwashi anajenga kwa mawe ya matumbawe ya inchi 9, ambayo ni karibu milimita 229. Kuta zikisimamishwa kwa kufuata mistari ya katikati, kila chumba hupoteza milimita 14 kila upande, yaani karibu sentimita 3. Ongeza plasta ya milimita 15 kila upande, chumba cha mita 3 kwenye ramani kinabaki mita 2 na sentimita 94. Kabati lililoagizwa kwa kipimo cha ramani haliingii. Kabla ya kuchorewa nyumba, nenda machimboni au kwa muuza mawe, pima mawe kumi kwa milimita, mpe mchoraji wastani wake. Ni kazi ya robo saa.

Bomba ndilo linalowachanganya wengi zaidi, hata mafundi wazuri. "Nusu inchi" ya bomba la chuma ni jina tu. Kipenyo chake cha nje ni milimita 21.3, na cha ndani karibu 16. Bomba la plastiki la kuunganisha kwa joto, la PPR, huitwa kwa kipenyo cha nje: la 20 lina milimita 20 nje, na kama ni la daraja la msukumo PN20, ndani lina 13.2 tu. Fundi akitoa bomba la chuma la nusu inchi na kuweka PPR ya 20 kwa sababu viunganishi vyake vina uzi wa nusu inchi, njia ya maji inapungua kwa karibu theluthi. Ghorofani bafu linaanza kudondosha. Watu wananunua pampu, na kosa liko kwenye jina. Mahali pa nusu inchi ya chuma weka PPR ya 25, ambayo ndani ina 16.6, na uache 20 kwa kipande kifupi cha mwisho kinachofika kwenye mfereji.

Lakini nyuzi za viunganishi vya bomba zimebaki na majina ya inchi dunia nzima, hata Ufaransa ambako mita ilizaliwa kwa sheria ya 1795. Kontena za Kilindini zitaendelea kuitwa futi 20 na futi 40. Nchi inayohama isipoteze nguvu huko. Jina la inchi ambalo kila mtu duniani analifahamu kwa maana moja halidhuru. Linalodhuru ni namba mbili zinazokaribiana na kila mtu anadhani ni moja.

Nondo ni mfano wake. Mtaani D12, yaani nondo yenye kipenyo cha milimita 12, huitwa nusu inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, na kwa eneo la chuma tofauti hiyo ni karibu asilimia 11. Ukisoma mchoro wa zamani wenye inchi ukaweka D12 mahali pake, nguzo imepungukiwa, kwa hiyo mrudishie mhandisi auhesabu upya. Na usikubali jina kutoka kwa muuzaji, tumia mizani. Nondo ya D12 yenye urefu wa mita 12 huwa na kilo 10.66, D10 ni kilo 7.4, D16 karibu kilo 19. D12 ikisoma chini ya kilo 10, iache hapo hapo dukani. Hesabu hiyo ya uzito inafanyika kirahisi kwa sababu kila kitu kiko kwenye mfumo mmoja.

Kwenye kiwanja watu huumia kimyakimya. Futi 50 kwa 100 ni mita 15.24 kwa 30.48, yaani mita mraba 464.5. Hati nyingi za viwanja hivyo husoma hekta 0.045, ambayo ni mita 15 kwa 30, yaani mita mraba 450. Tofauti ya mita mraba 14 na nusu ni chumba kizuri cha kulala. Halafu kuna dalali anayekiita kiwanja hicho hicho "thumni ya ekari", na thumni ya ekari kamili ni mita mraba 506. Kwa hiyo kiwanja kimoja kina ukubwa wa aina tatu kulingana na nani anaongea. Wewe soma hekta kwenye hati, zidisha kwa 10,000, gawa bei kwa jibu hilo. Linganisha viwanja vya Mtwapa na vya Likoni kwa bei ya mita moja ya mraba, na mwache mpimaji ardhi akuoneshe bikoni, yaani alama za mipaka, kabla hujalipa.

Faida ya mfumo wa metriki sioni pengine inapoonekana wazi kama kwenye maji, na Mombasa tunajua thamani ya mtungi wa lita 20 unaokuja kwa mkokoteni. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Basi. Paa la mita mraba 80, mvua ya milimita 25, ni lita 2,000. Toa sehemu moja katika tano kwa maji yanayoruka na ya kuoshea paa, unabaki na lita 1,600, mitungi 80. Lita 1,000 ni mita moja ya ujazo, na zina uzito wa tani moja, kwa hiyo tanki la lita 5,000 ni tani 5 juu ya zege lako, mbali na tanki lenyewe. Maji yakisimama juu zaidi kwa mita 10 yanatoa msukumo wa karibu bar 1, hivyo tanki lililo mita 3 juu ya bomba linakupa bar 0.3. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuipanga nyumba yake yote kwa hesabu hizo. Jaribu kuifanya kwa inchi, futi na galoni, huku ukikumbuka kwamba galoni ya Uingereza ni lita 4.55 na ya Marekani ni 3.79.

Wapo wanaosema inchi tumeizoea, ni yetu. Si yetu. Kabla ya Mwingereza, pwani hii ilipima kwa shibiri, dhiraa, wari na pima, ikahesabu vibaba vinne kuwa pishi, ikauza kwa frasila, na boriti za mikoko bado huhesabiwa kwa korija. Pishi haijafa: kila Ramadhani zaka ya Fitri hutangazwa kwa pishi, kisha watu huuliza ni kilo ngapi, na jibu huwa kati ya mbili na nusu na tatu. Tofauti hiyo haitokani na uzembe. Pishi ni ujazo, na pishi ya mchele haina uzito wa pishi ya unga. Ndivyo ilivyo pia kwa gorogoro, lile kopo la kupimia mahindi sokoni, tena ile iliyobonyezwa chini. Ukinunua nafaka nyingi, dai mizani yenye muhuri wa ukaguzi.

Serikali inayotaka kumaliza safari hii ianze na bidhaa. Msumeno wa machimbo ubadilishwe ukate mawe ya milimita 200, mbao ziuzwe kwa urefu wa mita 3, 3.6 na 4.2. Australia ilipitisha sheria yake mwaka 1970, mafundi ujenzi wakapewa milimita peke yake, bila sentimita, na alama za barabarani zikabadilishwa mwezi mmoja, Julai 1974. Milimita haina nukta. Ukiandika 2400, hakuna wa kuisoma vingine, lakini 2.4 na 24 huishia kwenye ugomvi. Marekani ilitia saini mkataba wa mita mwaka 1875, ikapitisha sheria mwaka 1975 ikaifanya hiari, na kwa kuwa ilikuwa hiari, watu hawakuhama. Inchi yao yenyewe, tangu 1959, imefafanuliwa kuwa milimita 25.4 kamili.

Siku mbao zitakapoanza kuuzwa kwa mita, angalia bei. Futi ni milimita 304.8. Muuzaji akikuuzia sentimita 30 kwa bei ya futi, amekupunguzia karibu asilimia 1.6, na kwenye lori la mbao hiyo ni pesa.

Kwa sasa andika oda yako yote kwa milimita, hata kama duka linaongea inchi: "mbao 50 kwa 100, urefu 3600, vipande 24." Mwambie fundi, seremala na mwashi watumie futikamba za aina moja, zenye milimita pande zote mbili kama zinapatikana. Zivute sambamba kwenye sakafu hadi mita 3 kabla ya kazi. Zikitofautiana kwa milimita 2, moja yao haifai. Na ile ncha ya chuma inayochezacheza imetengenezwa hivyo kwa makusudi, isogee kwa unene wake mwenyewe ukipima kwa kuvuta au kwa kusukuma. Usiigongomee. Ikiwa imelegea sana, anza kupima kwenye alama ya 100, kisha toa 100 kwenye jibu.