Subaru WRX ya 2003: kuweka turbo kubwa zaidi au kuhamia STI (toleo lake lenye nguvu zaidi)?
Kaka, kama unatafuta nguvu za STI, uza WRX ukanunue STI yenyewe. Turbo kubwa si kazi. Kazi ni giaboksi yako ya gia 5. Ukiongeza presha ya turbo halafu ukaachia klachi ghafla, meno yanakatika na vipande vya chuma vinaingia kwenye oili ya giaboksi hadi kwenye beringi zake. STI inakuja na gia 6 na breki za Brembo, na ukizinunua hizo kando utalia. Ukibaki na WRX, anza na pampu ya petroli na injekta, kisha kompyuta ya injini irekebishwe upya. Petroli ikipungua kwenye mchanganyiko, pistoni inapasuka pale kati ya ringi. Kabla ya kulipia STI yoyote, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) silinda zote 4.