Paka wa gorofa ya nne, atoke ama akae ndani?

Dada, huyo paka wako mimi ningemweka ndani, angalau kwa sasa. Umesema ana miezi sita, ni jike, na usiku analia mlangoni mpaka jirani wamelalamika, sasa hiyo mara nyingi si kiu ya kuona mtaa wa Umoja, hapo anataka dume. Ukimfungulia leo, baada ya kama miezi miwili uko na vitoto vinne kwa nyumba na caretaker anakuuliza maswali. Mpeleke kwanza kwa daktari wa wanyama afungwe kizazi, ukiona bei iko juu uliza KSPCA, lile shirika la kutetea wanyama, pale Karen. Kelele itaisha.

Kitu kinaniogopesha zaidi huko nje hata si magari, ni sumu. Si unajua wale jamaa wa spika wanaoita "panya, kunguni, mende", wanauza dawa kila kona na hujui jirani ameweka nini, na paka akikula panya mwenye amemeza hiyo dawa anaweza kwenda naye. Halafu kuna mbwa wa kurandaranda, na kichaa cha mbwa bado kiko Kenya, kwa hivyo chanjo apigwe hata kama hatoki na irudiwe vile daktari atasema.

Hapo kwa balcony weka wavu wa waya, juu mpaka chini, paka huanguka jamani msidanganyane. Mwekee kiti karibu na dirisha aangalie kunguru, na jioni umchezeshe na kamba kabla ya chakula, atachoka alale.

Mkihamia kwa compound yenye ukuta, tuongee tena.