Kompyuta ya michezo: hakikisha vipande vinapatana kabla ya kulipa

Vijana wengi wa hapa Lubumbashi wanaoniomba ushauri juu ya kujiundia kompyuta ya michezo huanza kwa kuniuliza ni kadi ipi ya michoro iliyo bora. Mimi huwauliza kwanza wana ubao mama gani, yaani ule ubao mkuu unaounganisha vipande vyote. Vipande vingi vya kwetu huletwa na wafanyabiashara wanaosafiri Dubai, au hutoka Afrika Kusini kwa barabara na kuingilia mpakani Kasumbalesa, na muuzaji akishapokea dola zake ni nadra akubali kurudishiwa kitu kwa sababu tu hakipatani na kingine. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kazi ya kulinganisha vipande imalizike kwenye karatasi, pesa ikiwa bado iko mfukoni.

Anza na prosesa, ambayo ni ubongo wa kompyuta, pamoja na ubao mama, kwa kuwa hivyo viwili huamua karibu kila kitu kinachofuata. Prosesa za AMD Ryzen za mezani, tangu zile za kwanza za mwaka 2017 hadi familia ya 5000, hukaa katika soketi (kikao cha prosesa kwenye ubao) ya AM4, ilhali familia ya 7000, iliyoanza kuuzwa mwaka 2022, inadai AM5. Kwa upande wa Intel, vizazi vya 12, 13 na 14 hutumia LGA1700, na vya 10 na 11 hutumia LGA1200. Hata hivyo, jina la soketi peke yake halitoshi. Intel ilitumia jina LGA1151 kuanzia kizazi cha 6 hadi cha 9, na prosesa ya kizazi cha 8 huketi vizuri kabisa kwenye ubao uliotengenezwa kwa ajili ya kizazi cha 6, lakini kompyuta haiwaki, kwa sababu chipseti ya ubao huo, yaani chipu zinazouongoza, haikuandaliwa kuipokea. Vilevile ubao wa AM4 wenye chipseti ya B450, ambao ulitoka mwaka 2018, unaweza kubeba Ryzen 5 5600 iwapo tu BIOS yake, yaani programu ya ndani inayouwasha, imesasishwa. Nao usasishaji huo kwa kawaida unahitaji prosesa ya zamani inayofanya kazi, isipokuwa ubao uwe na uwezo wa kupokea BIOS mpya kutoka kwenye flashi bila prosesa. Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao, fungua orodha ya prosesa zinazokubalika, usome toleo la BIOS lililoandikwa mbele ya ile unayoitaka, kisha umwombe muuzaji awashe ubao mbele yako ili ulinganishe.

Juu ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, AM4 hupokea aina ya DDR4 na AM5 hupokea DDR5, basi. Penye utata ni LGA1700, ambayo ina mbao za aina zote mbili. Jirani yangu wa Kamalondo aliletewa na mjomba wake ubao wa namna hiyo pamoja na RAM iliyonunuliwa kwingine, akaniita kwa sababu RAM hiyo haikuwa ikizama tunduni. Tulipoisogeza kwenye mwanga wa dirisha tuliona kwamba mkato ulio kati ya meno yake haukukutana na kizuizi kilicho ndani ya tundu: RAM ilikuwa DDR5, na ubao ulikuwa wa DDR4. Zote mbili zina pini 288 na urefu uleule, kwa hiyo jicho hudanganyika kwa urahisi. RAM ikikataa kuingia, usiisukume kwa nguvu.

Anayenunua kidogo kidogo azingatie pia herufi iliyo mwishoni mwa jina la prosesa. Core i5-12400F haina sehemu ya michoro ndani yake, wala Ryzen 5 5600 haina, hivyo bila kadi skrini itabaki nyeusi. Core i5-12400 isiyo na F, au Ryzen 5 5600G, humwezesha mtu kucheza michezo myepesi huku akiendelea kuweka akiba ya kadi, na kwa mifuko yetu hiyo ndiyo njia ninayoipendelea.

Sasa kisanduku cha umeme, ambacho wengi hukinunua mwisho kwa chenji iliyobaki, jambo linalonisikitisha sana. Usitosheke na namba kubwa iliyochapwa ubavuni. Soma jedwali dogo la lebo, tafuta safu ya +12V, uzidishe ampea zake kwa 12: kisanduku kinachojiita cha wati 600 lakini kina ampea 25 tu hapo, kinatoa wati 300 kwa prosesa na kadi. Kadi ya RTX 3060 peke yake hutumia hadi wati 170, na NVIDIA, kampuni inayoiunda, inapendekeza kisanduku cha wati 550. Kadi ya RX 6600 huridhika na takriban wati 132. Vikuukuu vinavyotoka Marekani hutaka uangalifu zaidi. Geuza kisanduku uangalie nyuma: kama kuna swichi nyekundu inayoonyesha 115, isogeze hadi 230 kabla ya kuchomeka, la sivyo umeme wetu wa volti 220 utakiunguza papo hapo. Nyaya zinazochomoka usizihamishe kutoka kisanduku cha chapa moja hadi cha chapa nyingine, hata kama zinaingia, maana mpangilio wa pini upande wa kisanduku hutofautiana na unaweza kuunguza diski au ubao.

Kwa kuwa umeme hukatika mara kwa mara, onduleri, kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, ni sehemu ya hesabu hiyohiyo. Namba ya VA iliyo juu yake si wati. Wati huwa pungufu, na hizo ndizo za kulinganisha na matumizi ya kompyuta pamoja na skrini.

Kuhusu kasha linalobeba vipande vyote, pima urefu wa kadi, kwani zenye feni tatu mara nyingi huzidi milimita 300, na uchague lenye wavu wa kuchujia mbele, kwa sababu vumbi letu jekundu la kiangazi huziba feni haraka. Makasha ya kompyuta za ofisi zilizotumika ni rahisi kwa bei, ila mengi yana ubao na plagi za umeme za umbo lake pekee, zisizokubali vipande vya kawaida. Fungua kifuniko uzitazame ukiwa bado dukani.