Kulala hemani na mtoto wa mwaka na kitu: tulichojifunza Lushoto

Mama mkwe aliposikia tunakwenda kulala kwenye hema Lushoto, kwenye milima ya Usambara, na mtoto wa mwaka mmoja na miezi tisa, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, nyumba imewakosea nini?" Hakuwa anatania. Amelea watoto sita, na kwake yeye mtu hulala nje akiwa na msiba, au gari likimharibikia njiani. Sikubishana naye. Nilimwambia, "Mama, ni siku mbili tu. Nikiona mtoto hapawezi, tunarudi."

Safari ile ya kwanza mtoto hakupaweza, na kosa lilikuwa letu. Tulipanga kutoka Dar saa kumi na moja alfajiri, tukatoka saa nne. Foleni ya Kibaha ikatula, Chalinze tukasimama kula, Segera tukasimama tena, na tukaingia Mombo jua linazama. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 30 na kitu, ila ni kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Kabla hatujafika Soni mdogo alikuwa ameshatapika mara mbili. Hema tulilisimamisha gizani, mimi nimeshika tochi kwa mkono mmoja na mtoto anayelia kwa mkono mwingine, baba watoto anatafuta vigingi kwenye majani, na kaka mtu wa miaka saba anauliza chakula kiko wapi.

Ilikuwa Julai. Saa nane usiku niliamka nikamgusa miguu, nikaikuta ya baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji. Nilikuwa nimemfunika mablanketi mawili na bado anatetemeka. Tukambeba tukaingia naye kwenye gari, tukamweka katikati yetu mpaka kulipokucha. Asubuhi yake tukafunga kila kitu tukarudi Dar.

Tumerudi Lushoto mara tatu tangu siku ile, na sasa mdogo ndiye anayeuliza tunakwenda lini. Ninayoandika hapa nimeyapata kwenye usiku ule mbaya na kwenye usiku mwingi mzuri uliofuata. Kama una mtoto mdogo na unatamani kumtoa nje ya kuta nne, soma kabla hujanunua hema.

Nianze na baridi, maana ndiyo iliyotushinda. Sisi watu wa Dar tukisikia baridi tunafikiria kujifunika. Hemani baridi inatoka chini. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kwa takriban nyuzi sita. Ardhi ya huko usiku inanyonya joto la mwili wa mtoto saa baada ya saa, na blanketi alilolilalia halimsaidii, kwa sababu likishagandamizwa linabaki jembamba kama kanga. Siku hizi tunatandaza kwanza maboksi ya karatasi yaliyofunguliwa, yale ya dukani ambayo Mangi anakupa bure, juu yake mkeka, kisha godoro la sponji, kisha blanketi moja zito. Hapo ndipo mtoto analazwa. Kwa juu anavaa fulana ya ndani, nguo ya kulalia ya mikono mirefu, sweta, soksi na kofia ya sufu, halafu blanketi moja linaloishia kifuani. Usimrundikie mablanketi usoni. Na ukitaka kujua kama ana baridi, usiguse viganja, maana viganja vya mtoto vinapoa haraka hata akiwa yuko sawa. Pitisha mkono nyuma ya shingo. Pakiwa na joto, mwache alale. Pakiwa na jasho, mpunguzie nguo moja, kwa sababu jasho likipoa ndilo linalomletea baridi.

Hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine popote kwenye makala haya. Usiingize jiko la mkaa hemani. Hata dakika tano, hata likiwa limebaki makaa tu, hata ukiacha zipu wazi. Mkaa unaowaka unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki kukohoa. Anazidi tu kulala. Watoto wadogo inawawahi kuliko sisi. Usiku ule wa kwanza wenyeji wetu, kwa huruma kabisa, walituletea jiko lenye makaa mekundu ili tupashe hema joto. Nilishukuru nikaliacha nje, mbali na mlango, na mpaka leo namshukuru Mungu kwamba nilikuwa najua. Ukihitaji joto, jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu, ifunge vizuri, izungushie taulo, pasha nayo mahali pa mtoto kabla hajalala, kisha itoe.

Baada ya baridi ni usingizi wenyewe. Mtoto wa umri huu hajui kwamba yuko matembezini. Anachojua ni kwamba kila siku saa moja asubuhi kuna uji wa ulezi kwenye kikombe chake cha kijani, saa saba mchana analala, saa kumi na mbili jioni anaoga kwenye beseni, kisha ananyonya kona ya kanga yangu mpaka macho yanafumba. Ukiyabeba hayo yote ukayapeleka msituni, umebeba nyumba. Safari ya kwanza niliifua ile kanga usiku wa kuamkia safari ili twende na vitu visafi. Akainusa, akaitupa, akalia. Siku hizi kanga ya kulalia haifuliwi wiki ya safari, na beseni lenyewe, lile jekundu la nyumbani, linapanda gari. Baba watoto mwanzoni alisema tunahama. Sasa yeye ndiye anayelikumbuka.

Wiki nzima kabla ya safari ya pili tulisimamisha hema uani. Siku ya kwanza alichezea zipu tu. Siku ya tatu akalala humo mchana. Ijumaa tukalala wote wanne mpaka asubuhi, hatua kumi kutoka mlango wa jikoni, na nikajua yale ambayo duka la hema halikuambii: kwamba zipu yetu inapiga kelele ya kuamsha mtoto, kwamba anapojigeuza anaishia kwenye ukuta wa hema wenye umande, kwamba mimi ndiye ninayetakiwa kulala upande wa mlango. Zipu tulipaka mshumaa. Mama mkwe alikuja Jumamosi ile, akatukuta bado hatujalikunja, akaingia, akabonyeza godoro kwa kiganja, akasema, "Hapa hata mimi ningelala." Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Kuhusu mahali: mtoto akiwa chini ya miaka mitatu, mimi simpeleki kulala hifadhi zenye simba na fisi. Kambi za umma za Serengeti hazina uzio, wanyama wanapita usiku, na mtoto aliyeamka saa tisa akitaka kwenda poti hawezi kuambiwa angoje. Atakua, ataviona vyote. Anzia mahali ambapo ukiamka usiku unachohofia ni kujikwaa kwenye kamba. Kwetu sisi ni uwanja wa wenyeji uliopakana na msitu wa Magamba, wenye bomba la maji na nyumba yenye watu jirani. Usikubali neno "maji yapo" kwenye simu. Uliza yanatoka wapi na kama yanatoka kila siku, maana kuna mahali tuliambiwa yapo, tukakuta bomba kavu na mtoto ameshajichafua.

Nenda Septemba, au Januari na Februari. Masika ya Machi mpaka Mei hayafai kwa hema na mtoto, na Juni mpaka Agosti baridi yake umeshaisoma hapo juu.

Toka alfajiri ili uwe na hema lililosimama saa kumi jioni. Kwetu giza halichelewi, kufikia saa moja linaingia, na mtoto anahitaji masaa mawili ya mwanga kuzoea mahali kabla hajaambiwa alale hapo. Kwa zile kona za Mombo, usimpe maziwa kabla ya kupanda. Mpe mkate mkavu au nusu ndizi, saa moja kabla, fungua dirisha kidogo, na simameni Soni mshuke.

Mchana, panga jambo moja tu. Watu wanaandika ratiba: asubuhi ukingo wa mlima wa Irente, mchana maporomoko, jioni msituni. Na mtoto anayejifunza kutembea, njia ya kwenda kwenye ukingo wa Irente peke yake ilituchukua saa mbili, na sehemu kubwa ya hizo saa mbili tulikaa kwenye kichaka kimoja. Kaka yake ndiye aliyemwona kinyonga. Alikuwa kwenye kitawi cha usawa wa magoti, wa kijani, jicho moja linatutazama sisi na jicho jingine linatazama nyuma. Nilikulia kwenye nyumba ambayo kinyonga alikuwa mkosi, anafukuzwa kwa fagio. Mdogo hajui habari hizo. Alichuchumaa, akaweka mikono nyuma kama tulivyomfundisha, akamtazama anavyonyanyua mguu, anauyumbisha mara mbili kama anayepima, kisha anaushusha. Na yeye akanyanyua mguu wake, akauyumbisha. Alifanya hivyo mpaka kinyonga akaingia kwenye majani. Tulipofika ukingoni, tambarare za Mazinde zimelala chini kabisa na ukungu unakimbia, alikuwa ameshalala mgongoni kwangu. Pale ukingoni, kwa ajili yako wewe unayefikiria kwenda, mtoto awe mgongoni amefungwa kanga. Kumshika mkono hakutoshi.

Usiku wa msituni una sauti, na ni vizuri mzazi azijue kabla, kwa sababu mtoto anakutazama wewe ndipo aamue kama aogope. Usiku wa pili perere alilia juu ya mti karibu na hema. Ni mnyama mdogo tu wa manyoya, ndugu wa pimbi, lakini sauti yake inaanza kama mlango wenye bawaba kavu, inapanda, inageuka ukelele wa mtu. Mdogo alikaa kitako, macho makubwa. Nami moyo ulikuwa unanidunda, lakini nikamwambia kwa sauti ile ile ninayomwambia gari la taka limepita, "Ni perere. Anamwita mama yake." Akarudia, "Pelele," akalala. Alfajiri hondohondo, wale ndege wa midomo mikubwa, wakaanza zao, wala hakuogopa tena. Alitoka hemani akawatafuta.

Moto ndio unaoniumiza kichwa kuliko wanyama wote. Tumeweka mawe kuzunguka moto, hatua tatu kutoka kwenye makaa, na ndani ya mawe haingii mtoto. Ila mawe hayamzuii mtoto, mtu ndiye anamzuia. Kwa hiyo tuna desturi moja ya maneno: anayemlinda haondoki mpaka mwenzake aseme kwa sauti, "Nimempokea." Kabla ya hapo kila mmoja wetu alikuwa anadhani mwenzake anamwangalia, na siku moja alibakiza hatua mbili kufika kwenye sufuria ya maji ya moto. Akiungua, mmwagilie maji safi ya baridi kwa dakika ishirini, kisha hospitali. Dawa ya meno, mayai na asali acheni.

Kwenye mfuko wa dawa tunabeba kipimajoto, dawa ya homa ya maji iliyopimwa kwa uzito wake, ORS za kurudisha maji mwilini, ambazo pakiti yake inachanganywa na lita moja ya maji safi, na namba ya hospitali ya wilaya iliyoko mjini Lushoto. Milimani mbu ni wachache kuliko Dar, lakini njia yote unapita tambarare, kwa hiyo chandarua kinakwenda nasi, na mtoto akipata homa hata wiki mbili baada ya kurudi, mpime malaria siku hiyo hiyo.

Chakula sina mengi ya kusema. Uji, wali, maharage tuliyoyachemsha nyumbani, parachichi za Soni. Pampasi zilizotumika zinarudi nasi Dar kwenye mfuko uliofungwa. Hazifukiwi, hazichomwi. Ule msitu ni wa watu, na mito inayotoka humo inanywewa na watoto wa wenzetu huko chini.

Ukifika nyumbani utakuwa umechoka, na utataka kulisukumia hema stoo. Usifanye hivyo. Hewa ya Dar italiotesha ukungu ndani ya siku chache, na harufu ile haitoki tena. Sisi tunalianika siku hiyo hiyo kwenye kamba ya nguo. Mara ya mwisho tuliporudi, nilipomaliza kushusha vyombo nikamtafuta mdogo chumbani, sebuleni, jikoni. Nikamkuta uani, chini ya hema lililokuwa linaning'inia, kanga mkononi, bibi yake ameketi kwenye kigoda kando yake. Mama mkwe akaweka kidole mdomoni pake. "Usimwamshe," akasema. "Na Septemba mniambie mapema."